Je, Wajua? Faili ya Excel Isiyofunguka Mara Nyingi ni Nzima

Mpakani Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, biashara nyingi siku hizi inalala ndani ya majedwali ya Excel. Wakala wa forodha ana orodha ya malori yanayosubiri kuvuka. Mama anayenunua mahindi na maharagwe vijijini Tororo ana orodha ya wakulima anaowadai na wale wanaomdai yeye. Mweka hazina wa kikundi cha akiba huko Sop Sop, gombolola iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Tororo, ana majina ya wanachama, hisa zao na mikopo yao katika faili moja anayotembea nayo kwenye flashi. Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia watu chini ya paa moja, na karani aliyejiandaa hufika dirishani na hesabu zake tayari. Siku faili ikibofywa mara mbili na isifunguke, kila kitu kinasimama. Wengi huamua papo hapo kwamba faili imekufa, wakaifuta na kukesha wakiandika upya. Hasara hiyo inaniuma kwa sababu mara nyingi si ya lazima: faili ni nzima, kilichokwama ni safari ya kutoka kwenye kidole hadi kwenye programu.

Je, wajua kwamba ukibofya faili mara mbili, Windows haitazami kilichomo ndani? Inatazama kiambishi, yaani herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho ya jina: xls, xlsx, csv. Kisha inasoma kwenye rejista yake herufi hizo zimekabidhiwa programu gani, inaiamsha programu hiyo, halafu inaiarifu kwamba kuna faili ya kufunguliwa. Kila hatua ina namna yake ya kukwama. Kama programu iliyokabidhiwa imeshaondolewa kwenye kompyuta, Windows itakuuliza itumie nini. Kama mtu alikosea akaikabidhi Notepad, utaona mistari ya alama zisizosomeka, na hapo ndipo watu hushika kichwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Open with", kisha "Choose another app", chagua Excel na uweke alama kwamba itumike siku zote. Kazi imekwisha.

Hata mbofyo wenyewe una masharti. Windows, isipobadilishwa, hungoja nusu sekunde tu kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili. Ukichelewa, inahesabu mibofyo miwili ya kawaida, na pengine inadhani unataka kubadilisha jina la faili. Wazee wenye vidole vizito hupata taabu hii kila siku na kuambiwa hawajui kompyuta. Mwonyeshe mzee abofye mara moja tu, kisha abonyeze Enter. Faili inafunguka vilevile. Ukitaka kumsaidia zaidi, ingia kwenye mipangilio ya kipanya umpunguzie kasi inayotakiwa.

Je, wajua kwamba lugha ambayo Windows imekuwa ikitumia kuiambia Excel "fungua faili hii" ni ya mwaka 1987? Inaitwa DDE, kifupi cha Dynamic Data Exchange. Ilikuja na Windows 2.0, mwaka uleule ambao Excel ilitoka kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Windows, baada ya kuanzia kwenye Macintosh mwaka 1985. Kazi yake ni kuziwezesha programu mbili zilizo wazi kupeana maagizo. Windows inaiamsha Excel, halafu inaituma DDE ipeleke jina la faili.

Sasa, ndani ya Excel kuna kisanduku kidogo ambacho, kikiwekwa alama, huiamuru isisikilize programu nyingine zinazotumia DDE. Matokeo yake ni mjumbe kubisha hodi na mwenye nyumba asiitike. Excel inafunguka, unaona utepe wake wa juu na uwanja wa kijivu, lakini jedwali halipo. Wakati mwingine hutokea ujumbe wa Kiingereza unaosema kulikuwa na tatizo la kupeleka amri kwa programu. Nani alikiweka alama kisanduku hicho? Wengine walikiweka wenyewe zamani, kwa sababu kabla ya toleo la 2013 hiyo ilikuwa mojawapo ya mbinu za kufanya kila faili ifunguke kwenye dirisha lake. Mara nyingine ni programu ya uhasibu inayochota takwimu kutoka Excel: huweka alama ili isisumbuliwe ikiwa kazini, umeme ukikatika katikati, alama inabaki.

Ili kuiondoa, fungua Excel yenyewe bila faili. Nenda "File", kisha "Options", kisha "Advanced". Teremka chini hadi sehemu ya "General", utafute mstari unaotaja Dynamic Data Exchange. Kama una alama, itoe, bonyeza OK, funga Excel, kisha ujaribu tena kubofya faili mara mbili. Katika matatizo yote ya namna hii, huu ndio mstari ambao ningependa kila mtu wa saiba Busia, Malaba na Tororo aujue kwa moyo.

Kabla hata ya kufika huko, kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Usiibofye faili. Fungua Excel kwanza, nenda "File", kisha "Open", uitafute faili kutoka humo. Ikifunguka, faili yako haina ugonjwa wowote. Tafuta kasoro kwenye Windows au kwenye mipangilio ya Excel. Isipofunguka hata kwa njia hiyo, ndipo uanze kuishuku faili yenyewe. Mtu anayefuta faili kabla ya kufanya jaribio hili amehukumu bila kusikiliza shahidi.

Je, wajua kwamba kuipa Excel mamlaka makubwa kupita kiasi huifanya isipokee faili? Baadhi ya mafundi, wakisumbuliwa na programu, huipangia ifanye kazi kama msimamizi wa kompyuta kila inapoamka. Hapo Windows hulinda mpaka kati ya programu ya kawaida na ile yenye mamlaka ya msimamizi, na ujumbe wa DDE unazuiwa njiani. Tafuta alama ya programu ya Excel, bofya kulia, "Properties", sehemu ya "Compatibility", uondoe alama ya "Run this program as an administrator".

Nyongeza zilizopachikwa kwenye Excel nazo huleta balaa, hasa zile zilizowekwa na programu ya uhasibu au ya kutengeneza PDF. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukiifungua Excel. Itakuuliza kama unataka kuingia katika hali salama. Kubali. Kama humo ndani faili inafunguka bila shida, mkosaji ni mojawapo ya nyongeza hizo. Zizime zote, kisha uziwashe moja moja.

Wakati mwingine jedwali limefunguka kweli ila limefichwa. Mtu alilificha, akahifadhi, akasahau. Nenda "View", bonyeza "Unhide". Kama kitufe hicho kimefifia, hakuna kilichofichwa, endelea kutafuta kwingine.

Je, wajua kwamba Excel haikubali kufungua kwa wakati mmoja faili mbili zenye jina moja, hata kama ziko kwenye folda tofauti kabisa? Kwa wakala wa forodha hili ni jambo la kila wiki. Wateja wawili wanamtumia orodha ya mizigo, wote wameiita "manifest.xlsx". Ya kwanza inafunguka, ya pili inakataa, na mteja wa pili anapigiwa simu kuambiwa faili yake mbovu. Faili yake haina neno. Ibadilishe jina, au ufunge ya kwanza. Pia njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski, kupitia folda zote, hadi jina lenyewe, haitakiwi kuzidi herufi 218. Anayeweka folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina la mteja, tarehe, namba ya lori na bandari ya kutokea, anafika huko upesi kuliko anavyodhani.

Je, wajua kuhusu faili yenye alama za ~$ mwanzoni mwa jina? Kila unapofungua jedwali, Excel huunda pembeni faili ndogo iliyofichwa, yenye jina lilelile lakini ikianza na ~$. Ukubwa wake kwa kawaida ni baiti 165 tu. Ndani mna jina la mtu aliyelifungua jedwali, ili mwingine akija aambiwe liko mikononi mwa nani. Ukilifunga vizuri, kifaili hicho kinafutika chenyewe. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa kwa haraka, kinabaki. Hapo yanatokea mambo mawili. La kwanza, jedwali linasema linatumiwa na mtu mwingine, kumbe mtu huyo ni wewe wa jana. La pili linawapata wanaonakili kila kitu kutoka kwenye flashi: kama kompyuta yao huonyesha faili zilizofichwa, wanaona faili mbili zinazofanana, wanabofya ile ya ~$, na Excel inawajibu kwamba muundo au kiambishi cha faili si halali. Wanasadiki hesabu za kikundi zimepotea, kumbe faili halisi iko mstari wa chini yake, na kilobaiti zake zote ziko pale pale. Hakikisha jedwali halijafunguliwa popote, kisha ukifute kifaili cha ~$ bila wasiwasi.

Flashi ina hadithi yake nyingine, chungu zaidi. Kuna virusi vinavyoficha faili zako zote halisi, kisha vinaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, unakiamsha kirusi na kukiingiza kwenye kompyuta uliyokalia, ndiyo maana flashi moja iliyopita kwenye saiba moja huweza kuambukiza ofisi tatu siku hiyohiyo. Dalili iko wazi: kila alama ina mshale mdogo pembeni, na ukitazama nafasi iliyotumika kwenye flashi, inaonyesha imejaa wakati wewe huoni kitu. Usibofye chochote. Safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Faili zilizofichwa zinarudi kuonekana. Nimewaona watu wakikubali flashi yao ifutwe yote kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba amri hii ipo.

Je, wajua kwamba faili ileile inaweza kukataa kufunguka kutoka kwenye folda ya upakuaji, lakini ikafunguka kutoka kwenye flashi? Windows hubandika alama isiyoonekana kwenye faili zilizotoka mtandaoni au kwenye barua pepe, ikisema zimetoka nje. Excel ikiiona alama hiyo hufungua faili katika hali ya ulinzi, iliyoanza na Office ya 2010, na mara nyingine hali hiyo hukwama na dirisha likabaki tupu. Alama hukaa kwenye diski zenye muundo wa NTFS. Flashi nyingi zina muundo wa FAT32, usioweza kuibeba, kwa hiyo faili ikipita humo alama inadondoka. Njia sahihi ya kuitoa ni kubofya kulia, "Properties", na kuweka alama kwenye "Unblock". Ila mpigie simu kwanza aliyekutumia. Kirusi cha kwanza kuenea kupitia majedwali ya Excel, kilichoitwa Laroux, kiligunduliwa Julai 1996, na mbinu hiyo haijafa: Microsoft ilianza kuzuia moja kwa moja makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, kwenye faili zinazotoka mtandaoni mwaka 2022 tu. Na Windows huficha kiambishi cha jina isipoelekezwa vingine, hivyo faili inayoonekana "ankara.xls" inaweza kuwa "ankara.xls.exe", yaani programu iliyovaa jina la jedwali.

Kuna faili ambazo si Excel tangu kuzaliwa kwake. Mifumo mingi ya mtandaoni, ukibonyeza kitufe cha kupakua ripoti, hukupa ukurasa wa tovuti uliopewa kiambishi cha xls. Excel inaonya kwamba muundo na jina haviafikiani. Kama chanzo unakiamini, kubali ifunguke, kisha uihifadhi upya kama xlsx.

Huo muundo wa zamani wa xls una mipaka inayofaa kukumbukwa. Unabeba mistari 65,536 tu, wakati xlsx, iliyokuja na Excel ya 2007, inabeba 1,048,576. Uingereza ilijifunza hilo kwa machungu mwaka 2020. Taasisi ya afya ya umma ilipitisha matokeo ya vipimo vya korona kwenye faili za xls, mistari ikajaa, na wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 wakaachwa nje ya hesabu za kila siku. Faili zilifunguka bila kelele yoyote. Mimi naona faili inayokataa kufunguka ni salama kuliko ile inayofunguka ikiwa imekula baadhi ya watu.

Na hapa mpakani ulaji huo una sura yake. Andika namba ya simu ya Uganda, +256 na tarakimu tisa nyuma yake, kwenye kisanduku cha kawaida cha Excel. Alama ya kujumlisha inatoweka, na badala ya namba unaona 2.56772E+11 au kitu kama hicho, maana Excel imedhani ni kiasi, na kiasi chenye tarakimu kumi na mbili hukiandika kwa kifupi. Andika ya Kenya kwa kuanzia na 07, sifuri inadondoka. Chagua safu nzima, uipe muundo wa "Text" kabla ya kuandika namba ya kwanza. Wataalamu wa jeni wenyewe walishindwa na tabia hii: jeni iliyoitwa SEPT1 ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarehe ya Septemba, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikatoa mwongozo unaoibadilisha kuwa SEPTIN1. Walikubali kubadilisha sayansi kuliko kungoja programu ibadilike.

Malori yanayopita Malaba na Busia kuelekea Kongo huleta fumbo jingine. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutenganisha safu za faili ya csv kwa nukta-mkato, kwa sababu mkato wenyewe unatumika kwenye desimali. Zetu za Kenya na Uganda hutumia mkato. Kwa hiyo orodha iliyotengenezwa Goma ikifunguliwa Tororo, kila kitu hujirundika kwenye safu moja, na mpokeaji anasema faili imeharibika. Ingia "Data", chagua kuleta kutoka faili ya maandishi, uiambie kitenganishi ni kipi. Kuwa macho na tarehe pia. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia, na 04/05 inageuka kuwa Aprili 5 bila kukuuliza.

Je, wajua, mwisho, kwamba faili ya xlsx ni kifurushi cha zip? Ifungue kwa Notepad, na kama ni nzima mwanzoni kabisa utaona herufi mbili, PK. Ni vifupisho vya jina la Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989. Kila jedwali la xlsx duniani, hata lile la mweka hazina wa Sop Sop, limebeba vifupisho vyake. Usipoziona herufi hizo usikate tamaa mara moja, kwani faili iliyofungwa kwa nenosiri huhifadhiwa kwa muundo mwingine. Ukikuta ukubwa wake ni sifuri, basi haikunakiliwa kamwe, mrudie aliyekutumia.

Kwa faili iliyoharibika kweli, anza na "File", "Open", ichague bila kuibofya mara mbili, kisha bonyeza mshale ulio kando ya kitufe cha kufungua na uchague "Open and Repair". Ikishindikana, jaribu LibreOffice, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010, ambayo mara kwa mara hufungua kile Excel imekikataa. Ikishindikana tena, tengeneza nakala, ubadilishe kiambishi cha nakala hiyo kutoka xlsx kuwa zip, uifungue. Ingia folda ya xl. Humo mna faili ya sharedStrings.xml, yenye maneno yaliyohifadhiwa kwenye jedwali, majina ya wanachama yakiwemo. Ndani ya folda ya worksheets mna sheet1.xml, yenye tarakimu. Pale palipokuwa na neno utakuta namba tu, ambayo ni nafasi ya neno hilo katika orodha ya maneno, na hesabu yake huanzia sifuri. Kwa hiyo kisanduku cha jina chenye namba 12 ni cha mtu ambaye jina lake ni la kumi na tatu kwenye orodha hiyo ya maneno, na akiba yake iko visanduku vichache kutoka hapo.